Siku Zetu Si Nusu

Wakenya tuishio Kanada tuna neno letu la sherehe: kutua. "Alitua lini?" huulizwa kuhusu mtu ambaye ameishi Toronto miaka saba. Anayeuliza hazungumzii ndege iliyomleta. Anazungumzia siku ambayo ofisa wa uhamiaji alitia sahihi kwenye hati ya kuthibitisha ukaazi wake wa kudumu, na mwenye hati naye akatia yake. Siku hiyo pilau hupikwa, picha hupigwa mbele ya bendera, na kikundi cha WhatsApp hujaa hongera mpaka usiku wa manane. Mimi nilipigiwa vigelegele hivyo mwaka 2018, na sina kinyongo na waliovipiga. Kinyongo changu ni na neno lenyewe, na sheria iliyolipa neno hilo uzito kuliko maisha ya mtu. Nasema hivi: kutua, kwa mtu ambaye tayari yumo ndani, ni uongo wa serikali. Na uongo huo una bei, ambayo sisi hulipa kwa siku zetu.

Kwa msomaji ambaye hajapitia njia hii, nieleze inavyokwenda. Ukiomba ukaazi wa kudumu ukiwa Mombasa au Nairobi, mambo yanaeleweka. Unapewa hati, unapanda ndege, unashuka, ofisa wa uwanjani anakuuliza maswali na unatia sahihi. Umefika na umetua kwa wakati mmoja. Lakini wengi wetu hatukuomba tukiwa nje. Tulikuja na vibali vya masomo, tukahitimu, tukapata vibali vya kazi, na tulipoomba ukaazi tulikuwa tumeshakuwa na mkataba wa nyumba, daktari wetu na deni la gari. Hati ilipotoka ilitukuta jikoni. Basi likazuka swali la ajabu: mtu aliyeko jikoni atafikaje?

Majibu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kungoja miadi katika ofisi ya uhamiaji ya ndani ya nchi. Lakini kungoja kulikuwa na hatari yake, maana hati ina tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi hufuata vipimo vya afya, navyo hudumu miezi 12 tu. Jibu la pili lilikuwa mpakani. Unaendesha gari hadi kwenye daraja linaloelekea Marekani, unavuka, unamweleza ofisa wa Marekani kwamba huna nia ya kuingia nchini mwake, unapewa karatasi inayoonyesha kwamba hukuingia, unageuza gari, na unarudi ulikotoka. Ofisa wa Kanada anakupokea kama mtu aliyewasili. Mchezo huu uliitwa kuzunguka mlingoti, kwa sababu kazi yote ni kuizunguka bendera ya jirani na kurudi.

Haukuwa mchezo wa watu wachache. Kati ya Aprili 2023 na Machi 2024, idara ya mipaka ya Kanada ilihudumia zaidi ya watu 69,000 waliozunguka mlingoti, wengi wao wakifuata vibali vya kazi na vya masomo, wengine wakifuata kutua. Foleni zilikuwa zimeanza kuwa ndefu miaka kadhaa nyuma, hata mwaka 2017 madaraja ya eneo la Niagara yakawekewa siku maalumu za huduma hiyo: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ukitaka kufika katika nchi unayoishi, ufike katikati ya wiki.

Mimi nilifika Jumatano. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nusu siku. Ofisa wa Kanada alikuwa mpole, na sina la kumlalamikia. Aliniuliza maswali yaliyoandikwa kwenye hati. Je, nimewahi kupatikana na hatia ya kosa lolote, kukataliwa kuingia Kanada au kutakiwa kuondoka? Je, nina wategemezi ambao hawakutajwa? Nimebeba fedha kiasi gani? Kisha likaja swali la forodha, ambalo huulizwa wahamiaji wapya ili vyombo vyao viingie bila ushuru: je, nina vitu ambavyo vitafuata baadaye? Vitu vyangu vyote vilikuwa Hamilton, mwendo wa saa moja mbele yake. Kitanda changu nilikinunua huko, na ushuru wake nilikuwa nimeulipa dukani. Nikajibu kwamba hakuna kitakachofuata. Akatia sahihi, nikatia sahihi, akanikaribisha Kanada. Nilirudi kazini mchana, kwenye dawati lile lile.

Mtu anaweza kucheka hapa na kusema: ndiyo, ni kichekesho cha urasimu, lakini kimekudhuru nini? Umepoteza asubuhi moja na mafuta ya gari. Hapo ndipo ninapomwomba asiondoke, kwa sababu madhara hayako darajani. Yako kwenye hesabu inayoanzia darajani.

Sheria ya uraia ya Kanada inataka mwombaji awe amekuwepo nchini siku 1,095 katika miaka 5 kabla ya kuomba. Kila siku baada ya kutua huhesabiwa siku moja. Kila siku uliyoishi kabla ya kutua, ukiwa na kibali halali mkononi, huhesabiwa nusu, na nusu hizo zikikusanywa haziwezi kuzidi 365. Mimi niliingia Kanada Septemba 2013. Kufikia siku ya daraja nilikuwa nimeishi humo zaidi ya siku 1,800. Kwa mujibu wa sheria, siku hizo zilikuwa 365. Na huo ni upendeleo! Nusu siku zilirudishwa kwenye sheria mwezi Oktoba 2017. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka miwili, hazikuhesabiwa kabisa. Hata leo, anayeomba hifadhi ya ukimbizi na bado anangoja uamuzi hapewi hata hiyo nusu. Siku zake za kungoja, ziwe 100 au 900, ni sufuri.

Sasa tumuulize mtoza kodi. Sheria ya kodi ya Kanada haitazami rangi ya kibali chako. Inatazama mahusiano yako na nchi: una nyumba humo, mwenzi, watoto? Ukiwa nayo, wewe ni mkaazi, na unatozwa kama mkaazi tangu siku ulipoanza kuishi. Mshahara wangu wa kwanza ulikatwa kodi nzima. Ulikatwa mchango wa pensheni mzima, na bima ya kukosa ajira nzima. Hakuna mwezi ambao nilirudishiwa nusu kwa hoja kwamba, kwa kuwa sijatua, mimi nipo nusu. Serikali moja, mtu mmoja, siku moja: dirisha la kodi linaniona mzima, dirisha la uraia linaniona kipande.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii kwa kumdokeza mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili ambao tunausahau. Jembe halimdhalilishi mgeni, linamtoa ugenini. Ukishampa mtu jembe akalima shamba lako, huwezi tena kumwita mgeni wakati wa kugawa mavuno. Kanada ilitupa jembe siku ya kwanza, na kwa miaka mitano ikaendelea kutuita wageni. Huo si ukarimu, na wala si tahadhari. Ni kulimisha.

Nieleze bei yake kwa mfano mmoja tu. Mwaka 2019 nyanya yangu alifariki Kwale. Nilikwenda. Lau siku zangu za mwanzo zingehesabiwa nzima, ningekuwa nimetimiza 1,095 kabla hata ya kuliona daraja, na ningepanda ndege bila kikokotoo kichwani. Badala yake kila siku niliyokaa matangani iliusogeza uraia mbele kwa siku moja. Nilirudi kabla ya arobaini. Baadaye, nilipojaza fomu ya kuhesabu siku, ilinitaka niorodheshe kila safari na sababu yake. Nikaandika: msiba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Kanada ilifanya uchaguzi mkuu, nami nikautazama kwenye televisheni, kwa sababu mkaazi wa kudumu hapigi kura. Nilikuwa nimelipa kodi kwa miaka sita kugharimia serikali ambayo sikuwa na ruhusa ya kuichagua wala kuikataa.

Kuna watakaosema kwamba nchi lazima iwe na mstari. Lazima kuwe na tarehe ambayo kabla yake wewe si mkaazi wa kudumu na baada yake ni mkaazi, la sivyo sheria haitekelezeki. Nakubali. Tarehe ni ya lazima. Lakini tarehe ya uamuzi ilikuwepo tayari: siku serikali iliponichunguza, ikaniridhia na kutoa hati. Kilichoongezwa juu yake ni igizo. Na tunajua kwamba lilikuwa igizo kwa sababu liliondolewa, wala hakuna kilichoporomoka. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, waliokuwa ndani walianza kukamilisha ukaazi wao bila kusogea: unathibitisha kwamba uko Kanada, unatuma picha na anwani, na hati yako inakuja kwa mtandao. Ofisa hakuiona nyuso zao, daraja halikukanyagwa, na Kanada ipo mpaka leo. Kisha tarehe 23 Desemba 2024 serikali ikasitisha kutoa vibali vya kazi na vya masomo kwa wanaozunguka mlingoti. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kupunguza msongamano na kuwaachia maofisa muda wa kulinda mpaka. Hakuna aliyesema kwamba kumtoa mtu nyumbani ili arudi nyumbani ni jambo lisilo na maana. Igizo likapungua, hesabu ya nusu ikabaki pale pale.

Haikubaki kwa bahati mbaya. Kanada ina historia ndefu ya kutumia namna ya kufika kama kitu cha kumpima mtu, na hata cha kumkataa. Mwaka 1908 ilitunga kanuni iliyotaka kila mhamiaji aje kwa safari moja isiyokatizwa kutoka nchi yake. Kanuni haikutaja Wahindi, lakini wakati huo hakukuwa na safari ya namna hiyo kutoka India, na walioitunga walilijua hilo. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilifika Vancouver na abiria 376, wengi wao Masingasinga wa Punjab. Wakawekwa baharini miezi miwili, wakiutazama mji, kisha wote isipokuwa wachache wakafukuzwa. Walikuwa raia wa himaya ile ile ya Uingereza. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakufika vizuri.

Wachina waliuziwa kufika. Kuanzia mwaka 1885 karibu kila Mchina aliyeingia alitozwa dola 50 kwa kichwa, zikawa 100 mwaka 1900, zikawa 500 mwaka 1903, na mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa hadi 1947. Serikali iliomba radhi mwaka 2006. Lakini mwaka 1995 ilikuwa imeanzisha ada nyingine ya dola 975, na jina lake rasmi lilikuwa ada ya haki ya kutua. Hawakuficha hata neno. Jina la ada hiyo lilibadilika, ikapunguzwa kwa nusu mwaka 2006, na ukiomba leo utaikuta bado ipo; mwaka 2024 ilifika dola 575. Sisemi kwamba ada hii ni sawa na ile ya Wachina. Nasema kwamba wazo ni la ukoo mmoja: kwamba kuwepo kwako hakutoshi, lazima ufike, na kufika ni bidhaa inayouzwa na mwenye lango.

Na kwenye lango hilo hilo wapo ambao hawauziwi kwa bei yoyote. Tangu mwisho wa mwaka 2004, Kanada na Marekani zina mkataba unaomtaka mkimbizi aombe hifadhi katika nchi ya kwanza kati ya hizo mbili anayoifikia. Akitokeza kwenye daraja akitoka Marekani, kwa kawaida hurudishwa, isipokuwa awe na sababu zinazotambuliwa, kama vile jamaa wa karibu aliyeko Kanada. Machi 2023 mkataba huo ulipanuliwa hadi urefu wote wa mpaka, na anayepenya kati ya vituo akabainika ndani ya siku 14 naye hurudishwa. Moja ya vivuko hivyo, kati ya Buffalo na Fort Erie, linaitwa Daraja la Amani. Lilifunguliwa mwaka 1927. Juu yake mtu kama mimi aliigiza kufika ingawa hakuwa ametoka, na mtu aliyekimbia Mogadishu au Bukavu, ambaye amefika kweli kweli, huambiwa hajafika. Ukiweka wawili hao kwenye foleni moja, huwezi tena kusema kwamba sheria inatambua safari. Inatambua karatasi.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu, kwa sababu ingekuwa rahisi mno kuimaliza hoja Ottawa. Sisi nasi tumeuamini uongo huu, tena kwa moyo mkunjufu. Tumewapanga watu wetu kwa makaratasi. Msichana akileta mchumba, shangazi huuliza kwanza, "Ana makaratasi?" kabla ya kuuliza kama ana adabu. Aliyetua humtazama asiyetua kana kwamba yule yuko bado angani. Kwenye vikundi vyetu, anayengoja hukumu ya hifadhi mwaka wa tatu hunyamaza siku za vigelegele, na hakuna anayeuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyebeba viti siku ya pilau. Yeye ndiye anayewabeba wazee wetu kwenye nyumba za kulea wazee, zamu za usiku. Siku zake tumekubali kuziita sufuri, kama serikali.

Wala hatukujifunzia Kanada. Nimekulia Kwale, mahali ambapo Wamakonde walikuwa wameishi tangu miongo kadhaa kabla ya uhuru. Walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa; kwao jembe halikuwa methali. Walizaa, wakazika, wakachonga vinyago ambavyo tuliviuza kwa watalii kama sanaa ya pwani yetu. Kitambulisho hawakuwa nacho. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi ya mkataba, hakuna kura. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, kwenda kumwomba rais kile ambacho walikuwa wameshakilipia kwa jasho la vizazi. Mwanzoni mwa 2017 walianza kukabidhiwa vitambulisho. Wapemba wa pwani yetu, wavuvi wanaozungumza Kiswahili tunachozungumza sisi, walingoja mpaka Julai 2023 ndipo serikali ikawatambua. Sikumbuki shuleni tukiambiwa kwamba majirani hao walikuwa wakiishi nusu siku. Tuliwaita wageni, tukaenda zetu.

Kwa hiyo ninayodai si ya Kanada peke yake, ingawa naanza nayo. Siku aliyoishi mtu nchini, akifanya kazi au akisoma, ihesabiwe siku nzima, kama mtoza kodi anavyoihesabu. Siku za anayengoja hifadhi zihesabiwe pia pindi akikubaliwa, kwa sababu kuchelewa kwa hakimu si kutokuwepo kwa mtu. Ukaazi uanze siku uamuzi unapotolewa, si siku ya sahihi wala ya daraja wala ya picha iliyotumwa kwa mtandao. Na ada ya haki ya kutua, kwa jina lolote iliyopewa, ifutwe: hakuna haki inayouzwa ikabaki kuitwa haki.

Haya yanahitaji bunge, na bunge lina kasi yake. Lakini lipo moja ambalo halihitaji bunge. Kiswahili kina kitenzi kile kile cha kutua kwa ndege na kutua kwa mzigo. Mwenzako akipata hati, mpikie pilau kwa sababu ametua mzigo, mzigo wa hofu ya barua na tarehe za mwisho. Hilo ni jambo la kweli na linastahili vigelegele. Ila usimwambie kwamba sasa amefika. Na yule anayebeba viti, usimuulize atatua lini. Muulize ameishi hapa tangu mwaka gani, kisha akikutajia mwaka, uhesabu wote.